Dawa za majani kwa mtu mwenye aleji: mambo ya kuuliza kabla ya kunywa

Ibada ikiisha, nje ya kanisa hakukosi mtu mwenye kikapu: unga wa majani, vidonge vya chupa kutoka ng'ambo, asali iliyochanganywa na mizizi. Vyote husifiwa kwamba vinaponya pumu, sinusiti, mafua yasiyokwisha na ngozi inayowasha. Wengi wetu tumelelewa kwa dawa za majani, wala hatuandiki hapa ili kuwadharau wazee wanaozijua. Tunaandika kwa ajili ya yule mmoja katika jamaa mwenye aleji. Kwake neno "ya asili" halihakikishi kitu, maana chavua ya maua, karanga na sumu ya nyuki navyo ni vya asili.

Aleji, au mzio, ni kinga ya mwili kukosea adui. Mwili hukutana na kitu kisicho na ubaya, hukihesabu kuwa hatari na kuandaa silaha dhidi yake. Kikirudi siku nyingine, silaha hizo hufyatuka. Ndiyo sababu mara ya kwanza mara nyingi haionekani shida yoyote. Mama anayesema, "Nilimpa mtoto wiki jana na hakudhurika," anasema kweli, lakini jambo hilo halitoshi kumpa tena bila wasiwasi. Kupaka dawa kidogo mkononi ili kuijaribu nako hakuonyeshi mwili utafanya nini ikinywewa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni undugu wa mimea. Alizeti, kamomili, ekinasea, artemisia na mubirizi wetu wenye majani machungu ni wa ukoo mmoja. Mtu ambaye chavua ya mmoja humfanya apige chafya au avimbe macho anaweza kudhurika na mwingine, hata akiwa hajawahi kuugusa. Si wote wanaodhurika, lakini ni lazima ajue. Ekinasea huuzwa katika vidonge vya "kuongeza kinga", na kamomili huuzwa kama chai. Kuhusu artemisia, iliyopandwa katika bustani nyingi za kwetu, Shirika la Afya Duniani (OMS) halishauri kutibu malaria kwa chai yake, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo majanini hakitabiriki. Mwenye aleji basi ana sababu mbili za kuikataa.

Mazao ya nyuki yanahitaji uangalifu zaidi. Asali huwa na chavua ndani yake, na gundi ya nyuki huwasha ngozi za watu wengi. Maziwa ya nyuki, yale wanayomlishia malkia wao, yamewahi kuua watu wenye pumu. Huko Australia sheria hudai onyo liandikwe juu ya chupa. Na wenye aleji ya karanga wasisahau mafuta: sharubati na pomadi nyingine hutengenezwa kwa mafuta ya karanga bila muuzaji kufikiri kulisema.

Kuna hatari nyingine, na hii si kosa la jani. Mwaka 1999 watafiti wa London walipima pomadi 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakipewa wagonjwa wa ngozi. Nane zilikuwa na deksametazoni, dawa ya hospitali, ambayo wagonjwa hawakuambiwa. Kwa hiyo unga au pomadi ikimaliza mwasho wa miaka kwa siku mbili, tusishangilie haraka. Aliyekwisha kuitumia kwa majuma mengi asiiache ghafula peke yake. Aende nayo kwa muuguzi, maana mwili uliozoeshwa deksametazoni unaweza kuzimia ikikatwa mara moja.

Kujifukiza kwa majani ya mikaratusi kunapendwa sana kwetu. Kwa mwenye pumu, harufu kali na moshi vinaweza kubana kifua badala ya kukifungua, na watoto wengi wameunguzwa na sufuria ya maji ya moto. Na pompi ya salbutamoli isiwekwe kando kwa sababu muuzaji amesema chupa yake inatosha. Hilo ndilo linalotutisha kuliko mengine yote.

Kabla ya kununua, uliza jina la mmea kwa lugha ya kwenu, ni sehemu gani ya mmea iliyotumika, na nini kingine kimechanganywa. Akijibu "ni siri ya dawa", mwenye aleji arudishe chupa.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, kifua kikipiga filimbi, mtu akitapika au akilegea muda mfupi baada ya kunywa, hiyo ni dharura. Alazwe chali miguu ikiinuliwa, au akae kama anapumua kwa shida, asitembezwe kwa miguu hadi kituo cha afya. Dawa ya kwanza huko ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Prometazini na deksametazoni hufanya kazi polepole na hazichukui nafasi yake. Anayemsindikiza abebe chupa yenyewe au majani yaliyobaki, hata kama ni kikonzi kimoja, ili muuguzi aone ni nini kilichonywewa.