Karafuu, Dhoruba na Jicho la Angani

Mwezi wa Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, dhoruba kubwa iliivamia Unguja. Mikarafuu iling'oka mizizi juu, minazi ikalala, vyombo vikavunjika bandarini. Mashamba yaliyopandwa na kupaliliwa kwa jasho la watumwa yakaangamia. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo mama wa karafuu. Aliyetaka kujua ukubwa wa hasara alitegemea barua za mabalozi na hesabu za forodha. Hapakuwa na wa kuitazama ardhi yote kwa mara moja.

Karne moja baadaye, tarehe 23 Julai 1972, Marekani ilirusha satelaiti ya kuchungua nchi kavu, ikaitwa ERTS-1, na baadaye Landsat 1. Ilibeba vyombo viwili. Tegemeo lilikuwa kamera za mfano wa televisheni. Chombo cha pili, kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood, kilihesabiwa kuwa cha majaribio tu. Kamera zilizimwa baada ya wiki chache kwa hitilafu ya umeme, na kile cha majaribio ndicho kilichoandika historia.

Siri yenyewe imo ndani ya jani. Jani bichi hula mwanga mwekundu ili lijipatie chakula, na huurudisha kwa wingi mwanga mwingine ulio ng'ambo ya wekundu, usioonekana kwa jicho la mwanadamu. Jani likinyauka, tofauti hiyo hupungua. Kwa kuilinganisha miale hiyo miwili, wataalamu wakapata kipimo cha ukijani wa nchi nzima. Ajabu ni kwamba katika picha nyingi za aina hiyo msitu hutiwa rangi nyekundu, kwani mwanga usioonekana hauna budi kuazimwa rangi. Mshairi angechekwa kwa tashibiha kama hiyo.

Jicho hilo mwanzoni lilikuwa zito. Kila nukta ya picha ilibeba kipande cha ardhi chenye upana wa mita 80 hivi. Eka tatu alizogaiwa mkulima wa Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964 hazikutimia nukta mbili. Kuanzia 1982 upana ulishuka hadi mita 30, na eka hizo zikapata nukta 13. Kwa satelaiti za Ulaya za Sentinel-2, tangu 2015, zimepita 100. Mwaka 2008 hazina ya picha za Landsat ilifunguliwa bure kwa kila mtu.

Hata hivyo shamba la Pemba si la mti mmoja. Mkarafuu husimama na mnazi, mwembe na mfenesi, na mihogo pembeni. Kutoka juu yote ni kijani. Na huko maweni, mashariki ya Unguja, mkulima hufyeka kichaka, hulima misimu michache, kisha huiacha ardhi ipumzike. Picha moja humwonyesha kama mharibifu wa msitu. Picha za miaka ishirini zikipangwa pamoja, kichaka huonekana kikirudi. Kumnyima mtu ardhi kwa ushahidi wa picha moja ni dhuluma iliyovishwa joho la elimu.

Tena masika yakiingia, mawingu hutanda na jicho hilo halioni kitu. Ndipo wachora ramani hulazimika kushuka, karatasi mkononi, wakamwulize mwenye shamba: huu ni mti gani, nao ulipandwa lini?