Kabla ya Treni Kulikuwa na Mabega: Historia Fupi ya Njia ya Kwenda Tabora

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani, kila tunapokutana mazungumzo hayakawii kugeukia safari za kwenda shuleni. Wakubwa husifu treni, vijana husifu basi, na ubishi wao ni kama ule wa Simba na Yanga: hauna mwamuzi. Mimi ni mtu wa treni na sifichi. Hata hivyo sikushika kalamu ili kuitetea treni. Nataka kueleza habari ya njia yenyewe, maana wengi tumeipita mara nyingi bila kujiuliza ni nani aliyeanza kuipita.

Tukiulizwa darasani ni nani aliyejenga Reli ya Kati, jibu lilikuwa jepesi: Wajerumani. Jibu hilo lilitupatia alama, na kwa habari ya vyuma na mataruma ni jibu la haki. Lakini mhandisi wa Kijerumani alipofika na vyombo vyake vya kupimia, alikuta watu wamekwisha kupima kwa miguu. Karne nzima ya kumi na tisa Wanyamwezi walikuwa wakitoka Unyanyembe kwenda pwani na kurudi, wamebeba pembe za ndovu wakienda, na nguo, shanga na nyaya za shaba wakirudi. Ndio waliojua mahali penye maji, mahali penye chakula cha kununua, na mahali ambapo mtu hapiti bila kutoa hongo.

Yafaa tuseme kidogo juu ya kazi hiyo, kwa kuwa siku hizi neno “mpagazi” tunalisema kwa dharau. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru mwenye mkataba wake, analipwa kwa nguo, na akiona amedhulumiwa anauweka mzigo chini na kuondoka. Mzigo wake ulikuwa kilo thelathini hivi, na mara nyingine zaidi. Watu wa pwani walizoea kubeba kichwani. Mnyamwezi alibeba begani, na bega lake lilikuwa na sugu iliyomtambulisha popote aendapo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyejua njia, na watu walimfuata yeye kuliko mwenye mali. Safari zilipangwa kwa kufuata majira: mvua zilipokaribia, Mnyamwezi alitaka awe nyumbani alime, na tajiri yeyote wa pwani aliyechelewa kukodi watu ilimbidi angoje. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa wamefungwa shingoni, wasiokuwa na mkataba wala mshahara. Njia haichagui nani aipite.

Tabora ilikuwaje kubwa basi? Si kwa sababu ya bandari wala madini. Msafiri aliyetoka Bagamoyo alipanda milima ya Usagara, akapumzika Mpwapwa, akavuka nyika ya Marenga Mkali ambako hata jina linasema maji yake ni machungu, akaingia Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake ya nguo na shanga, kisha akakabili Mgunda Mkali, pori kavu ambalo sisi tulilipita usiku baada ya Manyoni tukiwa tumelala. Akitoka pori hilo akiwa hai, mji wa kwanza wenye chakula tele ulikuwa huu wa Unyanyembe. Hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Waarabu walifanya makao yao Kazeh mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakiwakuta Wanyamwezi na biashara yao. Burton na Speke walifika Novemba 1857, siku ya 134 tangu kutoka pwani. Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu, naye alijiona amekimbia.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwishoni mwa 1907 ilikuwa Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Garimoshi la mvuke, ndugu zangu, lilikuwa na kiu kama ya mpagazi. Bila maji haliendi. Kwa hiyo mahitaji yaleyale yaliyomfanya kirangozi afuate njia ile yalimfanya mhandisi naye aifuate kwa sehemu kubwa, ila pale milima ilipomkatalia.

Na hapo ndipo penye kisa cha kusikitisha, kwa maana reli huchagua. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa bara lote, ikaachwa kando kwa sababu bandari ya Dar es Salaam ina kina. Mpwapwa, mahali ambapo kila msafara ulipumzika, ikaachwa mlimani. Treni ikapita chini, Gulwe. Ujiji ikaachwa kwa umbali mdogo tu, reli ikaishia Kigoma penye ghuba nzuri zaidi. Katika miji minne mikubwa ya njia ya misafara, ni Tabora peke yake iliyopata stesheni. Wazee wa Bagamoyo waliona mji wao ukinyamaza. Sidhani kama kuna somo la uchumi linalozidi hilo.

Nani walibeba udongo na kulaza mataruma? Maelfu ya Waafrika, na Wanyamwezi wengi wakiwa miongoni mwao, kwa kuwa walikuwa wamezoea kwenda mbali na nyumbani kutafuta mshahara. Walijenga kwa mikono yao kitu kitakachowanyang'anya kazi ya baba zao. Isitoshe, walikuwa hawajasahau Unyanyembe ilivyotekwa: mwaka 1893 Mtemi Isike, alipoona askari wa Kijerumani wameingia ndani ya boma lake, aliwasha baruti na kujilipua kuliko kukamatwa.

Wajerumani wenyewe hawakuifaidi reli yao yote. Miezi sita baada ya kufika Kigoma vita vikaanza Ulaya, vikaja huku. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Kabla ya hapo, kwa kukosa fedha za kutoka kwao, Wajerumani waligeuza karakana ya reli kuwa mahali pa kupiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu hugombania kwa bei isiyosemeka mbele ya mtumishi wa serikali. Na vita hivyo viliwarudisha watu kwenye mizigo. Wanaume wengi mno walichukuliwa kubebea majeshi risasi na chakula, na wengi wakafa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza. Kila anayekwenda pale kununua viatu analitaja.

Serikali ya Kiingereza ilifungua shule Tabora mwaka 1925, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa machifu. Tawi la reli lilifika Mwanza mwaka 1928. Mimi naona mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Shule ya kukusanya vijana kutoka nchi nzima ilitaka mji unaofikika kutoka pande zote, na nchi yetu wakati ule haikuwa na njia panda nyingine ya namna hiyo. Kijana wa Kizanaki aliyetoka Musoma mwaka 1937, ambaye baadaye tulimwita Mwalimu, alisoma katika mji huu pamoja na wenzake wa makabila ambayo kwao hakupata kuyaona. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kuamua juu ya kura tatu. Nao pia walikuja kwenye njia panda.

Sisi wa miaka ya tisini tuliikuta treni imechoka, lakini ilikuwa bado ni treni. Ukipanda Dar es Salaam jioni daraja la tatu, na sanduku la chuma na godoro lililofungwa kamba, kufika Morogoro umekwisha kujua majina ya watu wanane. Kufika Dodoma mmekula chungu kimoja. Saranda kulikuwa na kuku, na aliyepita Saranda bila kununua kuku aliangaliwa kama mgonjwa. Kidato cha kwanza alikaa juu ya sanduku lake, kidato cha sita alikaa penye kiti, na hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote. Mtoto wa Kigoma, wa Mpanda, wa Bukoba na wa Pwani walikuwa wamekwisha kugombana na kupatana kabla ya kengele ya kwanza ya muhula. Basi hukufikisha mapema, nakubali, lakini ndani ya basi unamjua jirani mmoja, na pengine naye amelala.

Sitaki kuipamba. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria walihangaika kwa muda mrefu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika ikagongana na ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Wapo waliosoma nasi ambao tangu siku hiyo hawakupanda treni tena, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka.

Wakati huo barabara nayo ilianza kuchagua. Kwa miaka mingi basi la kwenda Tabora lilizunguka Singida na Nzega, kwa kuwa njia ya moja kwa moja kupitia Itigi ilikuwa mchanga na vumbi, na masika tope. Nzega ikachangamka, stesheni ndogo za relini zikapooza. Ilipowekwa lami njia ya Itigi, basi likarudi kwenye mkondo ule ule wa wapagazi. Sasa inajengwa reli ya kisasa ya umeme. Juni 2024 ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, Julai ikafika Dodoma, na safari iliyotuchukua usiku kucha inakwisha kwa saa chache. Nayo pia, ukiangalia ramani, imepangwa kupita Manyoni na Tabora kwenda ziwani.

Wanafunzi mlioko shuleni mna bahati ambayo sisi tuliichezea: mnaweza kwenda Kwihara siku ya Jumapili. Ile tembe inaitwa kwa jina la Livingstone. Aliishi humo mwaka 1872, na Stanley alipoondoka mwezi Machi kurudi pwani, Livingstone alibaki hapo hadi Agosti, miezi mitano, hana la kufanya ila kungoja wapagazi waliotumwa kutoka pwani. Bila wao hakuweza kwenda hata hatua moja. Mkifika humo mkumbukeni pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto. Alifika Unyanyembe kwa miguu pamoja na Burton na Speke mwaka 1857, akaja na Speke na Grant mwaka 1861, akaja na Stanley mwaka 1871, akaja tena na Cameron mwaka 1873, na safari hiyo ya mwisho akaendelea hadi bahari ya magharibi. Alifariki mwaka 1885, kabla taruma la kwanza la reli hii halijalazwa.