Akiba ya uzeeni: Jinsi mawimbi ya masoko ya dunia yanavyomfikia mwekezaji mdogo

WENYE busara walinena kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Msemo huu unamhusu moja kwa moja Mkenya anayejiwekea akiba ya uzeeni, hata kama hajawahi kuvuka mpaka wa nchi. Benki kubwa ikifilisika New York, au Marekani ikipandisha riba, thamani ya hisa alizonunua jijini Nairobi huenda ikapungua bila yeye kufahamu chanzo.

Kwa kijana wa miaka 30, hasara ya aina hiyo ni pigo la kupita. Ana miaka mingi ya kuendelea kuchuma na kungoja bei zipande tena. Lakini kwa mfanyakazi aliyebakisha mwaka mmoja kabla ya kustaafu, hilo ni suala la iwapo ataweza kumlipia kitindamimba wake karo na kujinunulia dawa. Kwa watumishi wengi wa umma, siku hiyo huja wanapotimiza miaka 60, baada ya serikali kuongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 mnamo 2009.

Ndiposa ni muhimu kwa kila mwekezaji kuelewa hatari hizi mapema, wala si siku anapokabidhiwa hundi ya kiinua mgongo.

Funzo la mwaka 2008

Katika mwaka wa 2008 serikali iliuzia umma hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom kwa bei ya Sh5 kila moja. Wananchi walipiga foleni ndefu, na wapo waliochukua mikopo ili wasipitwe. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 9, 2008, bei ilipanda hadi kupita Sh7. Wengi waliamini wamepata njia nyepesi ya kutajirika.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 15, benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilifilisika. Wawekezaji wa kigeni waliokuwa wakihitaji fedha kwao walianza kuuza mali zao katika masoko madogo, Nairobi ikiwemo. Soko hilo lilikuwa tayari limetikiswa na ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Kufikia Machi 2009, hisa ya Safaricom ilikuwa imeshuka chini ya Sh3. Nayo fahirisi ya hisa 20 za Soko la Hisa la Nairobi, iliyokuwa imepita pointi 6,000 mnamo Januari 2007, ilikuwa imeanguka chini ya pointi 2,500.

Waliovumilia walifaidi, kwani hisa iyo hiyo ilipita Sh40 mwaka wa 2021. Hata hivyo, ilishuka tena chini ya Sh15 mwaka wa 2023. Subira huvuta heri, ila aliyestaafu hana uhuru wa kungoja bila kikomo. Nchini Japan, fahirisi ya Nikkei ilifika kilele mwishoni mwa 1989, na haikukipita kilele hicho hadi Februari 2024, zaidi ya miaka 34 baadaye. Aliyestaafu mwaka ule kwa kutegemea hisa hizo pekee angesubiri maisha yake yote.

Hasara ya mapema huuma zaidi

Tuchukue mfano wa walimu wawili waliostaafu, kila mmoja akiwa na Sh4 milioni. Kila mmoja anatoa Sh400,000 za matumizi mwishoni mwa kila mwaka. Mwalimu wa kwanza anakumbana na hasara ya asilimia 30 mwaka wa kwanza, kisha faida ya asilimia 10, halafu faida ya asilimia 30. Mwalimu wa pili anapata matokeo yayo hayo, ila kwa mpangilio wa kinyume: faida ya 30, faida ya 10, kisha hasara ya 30.

Kama wasingetoa hata senti, wote wawili wangebaki na Sh4,004,000 baada ya miaka mitatu. Lakini kwa kuwa wanakula katika akiba hiyo, wa kwanza anabaki na Sh2,512,000 na wa pili Sh3,016,000. Tofauti ya zaidi ya nusu milioni imeletwa na mpangilio wa miaka tu. Aliyeanza na hasara alilazimika kuuza mali yake wakati bei ilikuwa chini, na kilichouzwa hakikuwepo bei zilipopanda.

Hii ndiyo sababu miaka mitano kabla ya kustaafu na mitano baada yake huwa hatari kuliko mingine yote.

Milango minne ya hatari

Mlango wa kwanza ni wawekezaji wa kigeni. Hawa hushikilia sehemu kubwa ya biashara katika kampuni kubwa za Soko la Hisa la Nairobi. Benki kuu ya Marekani ilipoongeza riba kutoka karibu sufuri mapema 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka wa 2023, wengi waliona heri kurudisha fedha zao huko kwenye usalama zaidi. Kadhalika, Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha Covid-19, biashara katika soko hilo ilisimamishwa kwa muda baada ya fahirisi kuanguka kwa zaidi ya asilimia 5.

Mlango wa pili ni thamani ya shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban Sh160, huku kukiwa na hofu kuhusu deni la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilitakiwa kulipa Juni mwaka huo. Baada ya serikali kupata mkopo mpya mwezi Februari na kuanza kulipa deni hilo, shilingi iliimarika hadi karibu Sh130 mwaka uo huo. Aliyekimbilia kununua dola 10,000 kwa Sh1.6 milioni wakati wa hofu alijikuta na thamani ya Sh1.3 milioni. Dola ni kinga njema kwa anayeinunua polepole kwa miaka mingi, si kwa anayeifuata mbio wakati imepanda.

Mlango wa tatu ni mfumko wa bei, uliofika asilimia 9.6 nchini mnamo Oktoba 2022. Akiba iliyolala katika akaunti ya kawaida ya benki haikupungua kwa hesabu, lakini ilinunua unga na mafuta kidogo zaidi kila mwezi.

Mlango wa nne ni riba zenyewe. Bondi ya miundomsingi ya Februari 2024 ilitoa riba ya takriban asilimia 18.5 isiyotozwa kodi, na wawekezaji wakaigombania. Mwenye bondi ya zamani ya asilimia 13 aliyetaka kuiuza wakati huo alilazimika kupunguza bei, kwa sababu hakuna angeinunua kwa bei kamili huku mpya ikilipa zaidi. Aliyeishikilia hadi mwisho wa muda wake hakupoteza chochote katika mtaji wake. Kwa upande mwingine, hawala za hazina za siku 91 zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024 zililipa chini ya asilimia 9 mwaka uliofuata. Aliyepanga bajeti ya uzee wake kwa riba ile ya juu ilimbidi ajikaze.

Sheria inasema nini

Mifuko ya pensheni humu nchini husimamiwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA, iliyoundwa chini ya sheria ya 1997. Kanuni zake huweka mipaka: mfuko wa kawaida unaweza kuweka hadi asilimia 90 katika hati za serikali, asilimia 70 katika hisa za masoko ya Afrika Mashariki, asilimia 30 katika ardhi na majengo, na asilimia 15 nje ya kanda hii. Mipaka hii iliwekwa ili akiba ya wanachama isitegemee mali ya aina moja. Mwekezaji binafsi hana mtu wa kumwekea mipaka, hivyo hana budi kujiwekea mwenyewe.

Mafungu matatu

Njia rahisi ni kugawa akiba katika mafungu matatu kadiri siku ya kustaafu inavyokaribia. Fungu la kwanza liwe matumizi ya miaka miwili au mitatu, likiwa katika hawala za hazina au mifuko ya pamoja ya soko la fedha, ambapo linapatikana upesi. Fungu la pili liwe bondi za serikali zenye tarehe tofauti za kukomaa, ili kila mwaka au miwili fedha fulani zirudi mkononi. Fungu la tatu, kwa matumizi ya baada ya miaka kumi, ndilo linaloweza kustahimili misukosuko ya hisa za humu nchini na za ng'ambo.

Soko likianguka, aliyestaafu hula fungu la kwanza na la pili huku la tatu likipona. Halazimiki kuuza kwa hasara.

Wengi huuliza kuhusu ploti na nyumba za kukodisha. Mali hizi zina heshima yake, na kodi ya nyumba ni mapato ya kila mwezi. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuuza kona moja ya ploti ili ulipe hospitali, na huenda mnunuzi asipatikane kwa miezi mingi.

Jambo la mwisho ni kujihadhari na ahadi za faida kubwa isiyo na hatari. Anayeahidi kuongeza kiinua mgongo maradufu kwa mwaka mmoja hajui masoko, au anayajua na ana hila. Kabla ya kumkabidhi mtu jasho la miaka 30, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji au RBA, na umwulize gharama zake kwa maandishi. Akiba haiozi, lakini huweza kuibwa.