WALIMU WALIOFUNZWA KWA POSTA NA REDIO: SOMO KWETU SISI WA SIMU JANJA



Himidi zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu katika imani, ukifika Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, mtafute mtu aliyeanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Muulize: aliyekufundisha a, e, i, o, u alisomea wapi ualimu? Huenda akakujibu: "Alisomea hapahapa shuleni." Usicheke. Jibu hilo lina historia ndani yake, na sisi tunaojivunia simu janja tunaihitaji.

Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Azimio likalivuta hadi Novemba 1977. Hebu fikiria: miaka 12 imekatwa kwa kikao kimoja! Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2. Kufikia 1978 walikaribia milioni 3. Watoto hao wafundishwe na nani? Iramba ina Chuo cha Ualimu Kinampanda, lakini hata ungevijumlisha vyuo vyote vya nchi, visingeweza kutoa walimu wote hao kwa muda ule.

Ndipo mwaka 1976 Serikali ikaanza kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni wafundishe huku wakijifunza ualimu kwa miaka 3. Vijiji vya nchi nzima viliingia katika mpango huo, wa UPE. Sasa angalia kwa makini walivyofunzwa:

1. Walipata masomo yaliyochapishwa, kwa njia ya posta.
2. Walisikiliza vipindi vya redio vilivyotayarishwa kwa ajili yao.
3. Walikuwa na mkufunzi wa kuwazungukia huko huko waliko, awaone wakifundisha na awasahihishe.
4. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki 6, kisha wakafanya mtihani wa cheti cha Daraja la IIIC.

Waliofuzu kwa njia hii walizidi 35,000. Subhaanallah! Karatasi, redio na mtu wa kukufuata vilizaa jeshi zima la walimu.

Je, teknolojia ya wakati ule ilikuwa ipi? Redio. Lakini redio ina tabia moja: inasema, haisikii. Kipindi kikipita kimepita. Kijana hawezi kuinyooshea kidole akaiambia, "Hapo sijaelewa." Nchi ilikwishalijua hilo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu takribani milioni 2 hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa vikundi vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakisikiliza, wakijadili, kisha wakienda kuchimba vyoo. Redio ilifungua mazungumzo, watu wakayamaliza.

Kwa hiyo katika yale mambo manne, uti wa mgongo ulikuwa lile la tatu: mkufunzi. Na hilo ndilo gumu zaidi kulidumisha. Ikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Mafuta yakapanda bei, uchumi ukayumba, hata karatasi na madaftari vikawa adimu. Unaweza kurusha kipindi kimoja kikasikika nchi nzima, lakini mkufunzi lazima afike shule moja baada ya nyingine kwa miguu yake au kwa usafiri. Mkufunzi asipofika, kijana wa darasa la saba anabaki peke yake mbele ya watoto waliojaa darasa.

Watu wakafanya nini? Wakacheka. UPE wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Miaka ya 2000, shule za sekondari zilipokosa walimu, vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi sana, nao wakaitwa "voda fasta". Ndugu yangu, tuogope kumdhihaki mtu aliyebebeshwa mzigo kabla hajafundishwa kuubeba. Wengi wanaocheka hivyo walijifunza kusoma kutoka kwa walimu haohao.

Sasa tuje kwetu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Yupo mwalimu wa kijijini leo ambaye mfukoni ana vitabu kuliko kabati zima la shule ya mwaka 1977. Ni neema, tumshukuru Allah. Lakini swali la 1976 bado linatusubiri: nani anakwenda kukaa nyuma ya darasa lake, amwone akifundisha, kisha amwambie kwa upole, "Hapa umepatia, hapa rekebisha"?

Na madrasa zetu je? Kijana anasikiliza visomo vya maqari wakubwa kwenye YouTube, kesho anaitwa ustadhi. Kusikiliza ni kheri. Ila simu haiusikii ulimi wake. Akichanganya herufi haa na haa nyingine, simu itaendelea tu na aya inayofuata. Ndiyo maana Qur'ani imepokewa kwa talaqqi, mdomo kwa sikio, mwanafunzi akisoma mbele ya shekhe wake mpaka asahihishwe.

Basi nakuomba mambo mawili. Kwanza, mkichangia simu au kompyuta kwa ajili ya madrasa, changieni pia nauli ya mwalimu mzoefu wa kwenda kuwatazama walimu vijana wakifundisha, walau mara moja kwa mwezi. Pili, kama mwalimu wako wa UPE yu hai, mtafute, msalimie, umwombee dua. Kama ametangulia, usimsahau katika dua zako.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotufundisha wakiwa na kidogo, na utujaalie sisi tuliopewa kingi tusiwaache walimu wetu peke yao. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.