Chungu, Sindano na Kitabu

Hapa kwetu Tunduma kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi ya mshahara anaitwa kula kulala. Akiwa msichana jina hilo hupunguzwa makali kidogo, kwa sababu angalau anapika. Lakini akionekana ameshika kitabu huku sufuria inachemka, swali ni moja tu: "Unasomea mtihani gani?" Ukijibu kwamba husomei mtihani wowote, unasoma kwa sababu hadithi ni tamu, basi utaonekana umeanza kuchanganyikiwa.

Mimi nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno, na mwisho nikaona heri nilitafutie asili yake. Nani alituambia kwamba kila kitabu lazima kiwe na mtihani nyuma yake? Na nani aliamua kwamba jiko, kazi ya mikono na kitabu ni vitu vitatu vya watu watatu tofauti? Nilivyozidi kuuliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba zamani havikuwa vitatu. Vilikuwa kitu kimoja, na mahali pake palikuwa pale pale jikoni.

Moto mmoja

Kabla mahindi hayajatawala nyanda hizi za Unyiha na Unyamwanga, ugali wetu ulikuwa wa ulezi. Ulezi ulisagwa juu ya jiwe, na kusaga kwa jiwe si kazi ya dakika kumi. Mikono ya watu wa huku ilijua mambo mengi. Wanyiha walikuwa wafua chuma hodari, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru zao wenyewe na kutengeneza majembe. Huko chini, bonde la Rukwa lilisifika katika karne ya 19 kwa nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono. Nyungo na vikapu vilisukwa karibu kila nyumba.

Sasa fikiria jioni ya siku zile. Kuna nafaka ya kupepeta, kuna maharage ya kuchambua, kuna ungo ambao haujamalizika. Chungu kiko motoni na hakina haraka. Ndipo bibi anapoanza hadithi ya sungura na fisi. Hakuna aliyeacha kazi ili asikilize, na hakuna aliyeacha kusikiliza ili afanye kazi. Mikono ilikuwa inafanya yake, masikio yanafanya yake, na tumbo linangoja. Fasihi yetu imekulia hapo. Haikuwa na darasa wala cheti, na bado watoto waliishika kichwani mpaka wakazeeka nayo.

Vitatu vinaachana

Kitu cha kwanza kuondoka ni kitanda cha mfumaji. Nguo za viwandani zilizoletwa na misafara kutoka pwani, hasa ile nyeupe iliyoitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani, ziliuzwa kwa wingi, na kidogo kidogo ufumaji wa pamba ukapoteza soko.

Kisha zikaja shule za misheni. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakafungua kituo Mbozi. Ng'ambo ya mpaka wa leo, karibu na Nakonde, Waskoti wa Livingstonia walifungua misheni ya Mwenzo katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Sitaki kuwabeza, kwa maana bila wao sijui kalamu ingetufikia lini. Lakini tazama jinsi ratiba ya shule za namna ile ilivyogawa mambo. Mvulana alisomeshwa ili awe mwalimu, mhubiri au karani. Msichana naye alifundishwa kusoma kidogo, ila sehemu kubwa ya muda wake ikaenda kwenye kushona, kudarizi na usafi wa nyumba. Kitabu kikaenda upande huu, sindano upande ule, na hadithi ya bibi ikabaki nje ya mlango, eti ni mambo ya kishenzi.

Vile vitambaa vyeupe unavyoviona juu ya makochi hapa mjini vina ukoo na somo hilo. Lakini wanawake hawakukaa kimya nacho. Walichukua sindano waliyopewa wakaanza kuandikia: "Karibu mgeni", "Mungu ni mwema", na mafumbo ambayo jirani mwenye ugomvi na mwenye nyumba huyaelewa mara moja. Kule pwani kanga zilishatangulia kupata maneno yake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bibi zetu hawakuwa waandishi. Waliandika kwa uzi.

Kusoma kwa faida ya chungu

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 watu wazima wengi hawakujua kusoma, na hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba ni kama theluthi mbili yao. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapo ndipo kitabu kiliporudishwa jikoni, safari hii kwa amri ya serikali. Vitabu vya kisomo havikufundisha a-e-i-o-u hewani. Vilifundisha kwa kilimo cha pamba na cha migomba, kwa uvuvi, kwa ufugaji, na kwa maarifa ya nyumbani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo inakadiriwa kuwa watu milioni 2 hivi walishiriki, wakikaa kwa vikundi na redio na kijitabu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu wazima waliketi wakasoma habari za maharage, mboga za majani na lishe ya mtoto, kisha wakaenda kulima na kupika walichosoma.

Nchi ilifanya jambo kubwa. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba watu wazima 9 katika kila 10 wanajua kusoma na kuandika. Hata hivyo naona kasoro moja katika mpango ule mzuri. Chungu kilirudishwa, kazi ya mikono ikarudishwa kupitia Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ila hadithi ilisahauliwa. Mama alifundishwa kusoma ili avune zaidi, achemshe maji, achimbe choo. Yote ni kweli na yote ni muhimu. Lakini akishachimba choo, asome nini?

Utamu wa hadithi ulibidi upite mlango wa nyuma. Ulipita kwenye redio, katika Mama na Mwana ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambapo mtu aliweza kuchambua mchele huku anasikiliza, kama zamani. Ulipita pia kwenye riwaya za bei nafuu. Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na vijana wakaigombania. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Wakubwa walishtuka, na vijana wakazidi kuitafuta. Bila shaka mtu asiyependa kusoma hahangaikii kitabu kilichokatazwa.

Kisha miaka ya 1980 ikawa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia madeni, karatasi ikaadimika kama sukari na sabuni, na maktaba za vijijini zikakosa vitabu vipya. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta wanaojua kusoma wameshuka mpaka karibu 7 katika kila 10. Wataalamu wana sababu zao nyingi, na karo ya shule ni mojawapo. Mimi naongeza yangu ndogo: mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kumfurahisha, anasahau.

Sisi tulio jikoni leo

Kizazi changu kilisoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo sekondari. Ni riwaya ya mama anayeuza chakula na watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Hapa Tunduma mama wa namna hiyo si wa kuhadithiwa, foleni ya malori ya mpakani inakula kwao kila siku. Lakini tuliulizwa nini darasani? Dhamira, kwa hoja tatu. Hakuna aliyetuuliza kama tulilia. Mimi nililia, na hoja hiyo haikuwa na alama.

Sasa siko darasani, na najipangia ratiba mwenyewe. Kande za mahindi na maharage makavu zinataka saa tatu juu ya mkaa. Saa tatu ni kurasa sitini, ukiondoa muda wa kuongeza maji na kukagua kama maharage yameiva. Vitambaa nafuma jioni, navipeleka sokoni, na fedha yake hununua daftari za kuandikia riwaya yangu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, karanga na maandazi vinafungwa kwenye karatasi zaidi, nami huzikunjua nikazisoma: kipande cha gazeti, jibu la mtihani wa mtu nisiyemjua, ukurasa wa 47 wa kitabu kisicho na jalada. Ukurasa ule wa 47 umenisumbua zaidi ya vitabu vizima, maana kuna mwanamke anafungua mlango na sijui nani aligonga.

Sidai kwamba msichana akae jikoni ili apate kusoma. Wavulana nao wana mikono, na kande hazichagui mpishi. Ninachodai ni kwamba anayesoma kwa raha huku anapika hajapotea njia wala hapotezi muda wa mtu. Anafanya kilichofanyika karibu na moto huu kwa miaka mingi kabla ya mtihani wa kwanza kutungwa.

Na nyinyi waandishi wenzangu mnaochipukia, tunapogombana kuhusu nani atatusoma, tumkumbuke huyu. Ana mwiko mkono mmoja, mwanga wake ni hafifu, na ataitwa wakati wowote akachote maji. Tumwandikie sentensi ambayo akiiachia katikati, chungu kikifurika, atakuwa na hamu ya kuirudia.