Bwanikwa, mwanamke aliyejikomboa



Tukizungumzia mwanamke na ndoa katika maandishi ya karne ya 19, aghalabu humtaja Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, naye alijua kuandika. Lakini historia ya nchi yetu yatuletea mwanamke mwingine, ambaye maneno yake yalitufikia kwa mkono wa mtu mwingine.

Bwanikwa alizaliwa katika nchi ya Waluba. Mke mkuu wa baba yake alipofariki, ukoo wa marehemu ulidai fidia ya watumwa watatu. Baba alikuwa na wawili tu, basi akamtoa binti yake awe wa tatu, akiahidi kumkomboa. Ahadi hiyo haikutimia. Bwanikwa akapita mikononi mwa mabwana wengi, akafika katika nchi ya Msiri, mfalme wa Wayeke. Mji mkuu wa Msiri ulikuwa Bunkeya, katika jimbo letu la Lualaba, na utajiri wake ulitokana na shaba, pembe za ndovu na watu waliouzwa. Msiri aliuawa Desemba 1891, lakini kifo chake hakikuwafungua watumwa wote.

Hatimaye Bwanikwa akawa mke wa Wafwilwa. Hata hivyo alijua kwamba mwanamke aliyenunuliwa huitwa mke leo na mtumwa kesho, kwa maana hana ukoo wa kumtetea. Kwa hiyo alijichumia mali yake mwenyewe, akamlipa mumewe bei ya ukombozi wake. Dugald Campbell, mmisionari Mprotestanti kutoka Scotland, aliyaandika maisha hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1916. Jina lake lasema kwamba alikuwa mtumwa mara kumi.

Tusiharakishe kumhukumu baba yule. Hakumchukia mtoto wake. Alibanwa na deni, na binti ndiye aliyekuwa karibu. Je, mambo hayo yamekwisha? Familia inapoipokea mahari kabla ya kumwuliza binti neno lolote, au inapomwoza kwa mwenye fedha za machimbo ili kulipa deni, je, hatuirudii njia ile ile?

Mahari ni ishara ya heshima baina ya koo mbili. Si bei ya mtu. Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu, hata ya baba, iwezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Bwanikwa alilipa kwa jasho lake kitu ambacho Mungu alikwisha kumpa bure.

Katika kikundi chenu, jiulizeni: nyumbani kwetu, ni nani asiyeulizwa?

Mwenyeheri Anuarite, utuombee.