Shekhar Mehta, dereva aliyefukuzwa Uganda akashinda Safari Rally

Magari mengi yanayotembea Butembo na Beni yalishushwa kutoka melini Mombasa, yakapita Nairobi na Kampala, kisha yakavuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi. Madereva wa malori wanaijua njia hiyo mji kwa mji, na wanajua pia ni wapi inakula vyuma. Wasilosimuliwa mara nyingi ni kwamba barabara za upande ule, za Kenya na Uganda, zilikuwa zamani uwanja wa mashindano ya magari yaliyojulikana duniani kote, na kwamba mmoja wa washindi wake wakubwa alikuwa mtu aliyefukuzwa nchini mwake. Familia zilizokimbia vijiji vya Beni na Lubero zitalielewa jambo hilo upesi kuliko wengine.

Mashindano yenyewe yalianza kama mchezo wa watu wa kazi. Mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth II wa Uingereza akitawazwa, wapenda magari wachache wa Nairobi walitafuta namna ya kusherehekea. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Neil Vincent, alimwambia binamu yake Eric Cecil kuwa haoni raha ya kuzunguka uwanja mmoja mara kwa mara. Afadhali kutoka mlangoni, kuendesha kupitia Afrika na kurudi nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni mwaka huo, walizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa magari ya kawaida, yaleyale yaliyouzwa dukani. Mwaka ule wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla, lakini Volkswagen ndogo ya Alan Dix ndiyo iliyopata adhabu chache kuliko zote.

Neno hilo la adhabu linahitaji kufafanuliwa, maana wengi hudhani rali ni kukimbizana tu. Magari hayakuondoka pamoja. Kila moja lilipewa saa yake ya kuondoka na saa ya kufika kituo kinachofuata. Ukichelewa dakika moja, unahesabiwa alama moja ya adhabu. Mwisho wa safari, mwenye alama chache ndiye mshindi. Pembeni ya dereva alikaa mwelekezi, mwenye saa na karatasi za njia, akimwambia kona inayokuja na dakika zilizobaki. Kazi ya mwelekezi haikuwa ndogo: wawili hao walikesha pamoja, na mmoja akikosea hesabu, mbio za mwenzake zilikuwa bure.

Tena barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari aliweza kukutana na basi, lori la ndizi au ng'ombe katikati ya kona. Kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka Afrika Mashariki mara nyingi ni majira ya mvua. Anayekumbuka njia ya Butembo kwenda Beni kabla ya matengenezo, malori yakiwa yamezama mpaka kwenye ekseli na vijana wakidai pesa ya kusukuma, hahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na mafundi na vipuri tele, zikashindwa na wenyeji waliojua tu wapi maji hupita juu ya daraja. Mpaka mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda.

Kati ya wenyeji hao alikuwemo Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho nchini Kenya, mtoto wa mwenye gereji. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumiwa kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili kushinda mashindano ya namna ile, hilo ni jambo la kuwafurahisha mafundi wa Butembo, ambao karibu kila siku hufufua gari ambalo mwenyewe alikwisha kulikatia tamaa.

Shekhar Mehta hakuwa fundi maskini, na haifai kumfanya awe hivyo. Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba na mali. Alianza mbio akiwa na umri wa miaka 21, na mwaka 1971 alikwisha kushika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Wengi wao walizaliwa hapo, na wazazi wao wamezikwa hapo. Makumi ya maelfu waliondoka wakiacha nyumba, maduka na mashamba, na waliruhusiwa kubeba fedha kidogo tu. Mwezi Novemba muda ukaisha. Mehta naye alikuwa miongoni mwa waliotoka, akahamia Kenya.

Hapa ndipo tofauti inapopaswa kusemwa wazi. Mehta alikimbia akiwa na jina, marafiki, na kampuni ya magari iliyomhitaji. Mama anayetoka Mbau au Oicha na watoto wanne na godoro hana kampuni inayomngoja Butembo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wote wawili walibaki nacho baada ya kupoteza nyumba: kazi ambayo mikono yao inaijua. Askari wa Amin waliweza kuchukua mashamba. Jinsi ya kusoma matope usiku hawakuweza kuichukua.

Miezi mitano tu baadaye, Pasaka ya Aprili 1973, Mehta alikuwa tena kwenye mstari wa kuondoka. Ndio mwaka ambao Safari iliingizwa katika ubingwa mpya wa dunia, na wapinzani walikuwa wengi. Akiwa na mwelekezi wake Lofty Drews katika Datsun 240Z, alifika mwisho akiwa na alama 406 za adhabu. Harry Källström wa Sweden, katika Datsun ya aina nyingine, naye alikuwa na 406. Siku kadhaa za vumbi na mvua, maelfu ya kilomita, na hakuna hata dakika moja kati yao. Ilibidi kutumia kanuni ya kuwatenganisha waliofungana, na kanuni ikampa Mehta ushindi.

Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, safari hii mwelekezi akiwa Mike Doughty. Mara nne mfululizo. Hakuna aliyelifanya hilo tena katika Safari. Kufikia hapo mbio zilikuwa hazitoki tena nje ya Kenya. Tangu 1974 njia yote ilikuwa ndani ya nchi hiyo. Kampala, mji uliokuwa sehemu ya Safari tangu siku ya kwanza, ukawa umeachwa. Mwaka 1987 Mehta aliumia vibaya katika rali nchini Misri na kuacha kuendesha. Baadaye aliongoza kamati ya rali ya shirikisho la magari duniani, na alifariki London mwaka 2006.

Uganda yenyewe ilijenga upya mchezo huo kwa madereva wake. Mwaka 1999 Charles Muhangi, Mganda, alitwaa ubingwa wa rali wa Afrika. Mpaka leo madereva wasio wa kulipwa hukutana wikendi katika miji kama Mbarara: wenye gereji na wafanyabiashara wanaojilipia matairi na mafuta, na Jumatatu wanarudi kazini na gari lenye bampa lililofungwa kwa waya.

Juni 2021 Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia, baada ya kutokuwemo tangu 2002. Mwezi uleule, marais Tshisekedi na Museveni walizindua mpakani kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ya Beni hadi Butembo, kilomita 54. Upande wa kaskazini, kuelekea Komanda, madereva walizoea kuhesabu muda kwa namna nyingine: walipanga foleni na kusubiri msafara uliosindikizwa na wanajeshi, na hakuna aliyeondoka kabla ya wengine.